Mwacha Asili ni Mtumwa? Historia Iliyo Mezani Siku ya Utamaduni Chuoni

Kila mwaka wa masomo unapokaribia ukingoni, vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki huingia katika msimu wa matamasha. Idara za sanaa na insia, vyama vya wanafunzi na ofisi za washauri wa wanafunzi huandaa kile kiitwacho Siku ya Utamaduni, na mahali pengine huwa wiki nzima. Kuna ngoma, mashairi, maonyesho ya mavazi na hotuba ya mgeni rasmi; lakini yeyote aliyewahi kuhudhuria atakubali kwamba umati hukusanyika zaidi penye meza za chakula. Meza hizo hupangwa kwa makabila na mikoa. Wahaya huleta ndizi na senene, Wachaga mtori, Wasukuma michembe, Wagogo mlenda, watu wa Pwani pilau, na Wazanzibari urojo. Nyuma ya meza hutundikwa bango, na mara nyingi maneno ya bango ni methali ileile: Mwacha asili ni mtumwa.

Nimehudhuria matamasha haya nikiwa mwanafunzi, na ninayahudhuria sasa nikiwa mhadhiri. Nimekula na kushiba, wala sina nia ya kuyabeza. Kijana aliyezaliwa na kukulia mjini, ambaye lugha ya babu yake anaijua kwa maamkizi tu, akisimama nyuma ya chungu cha mtori na kueleza namna ndizi zinavyopondwa, anafanya jambo la heshima. Kinachonisumbua ni maelezo yanayofuata. Ukimuuliza chakula hiki kimetoka wapi, atakujibu: ni chetu, cha asili, tumerithi kwa wazee wetu tangu enzi na enzi. Hapo ndipo historia hunyamazishwa, tena ndani ya uzio wa taasisi iliyojengwa ili historia isemwe.

Sahani ya chakula ni hati ya kihistoria kama zilivyo barua na daftari za kodi. Imeandikwa ndani yake nani alisafiri, nani alitawala, nani alilima kwa hiari na nani kwa kiboko, nani alishiba na nani alilala njaa. Tukiisoma hati hiyo kana kwamba ni kitambulisho cha kabila, tunapoteza elimu nyingi na kujitwalia hatari moja: imani kwamba kila kilicho chetu kilianza na sisi, na kwamba kila aliyekuja baadaye ni mgeni asiye na fungu. Imani hiyo imewahi kugharimu maisha ya watu katika eneo letu. Naomba, msomaji wangu, tuzipitie meza chache kati ya hizo, polepole, kama watu wasomao.

Meza ya pilau

Tuanze Pwani. Mgeni akifika kwenye meza hii huambiwa kwamba wali ndio chakula cha Mswahili tangu zamani. Wanaakiolojia waliochimba kaskazini mwa Pemba wametuachia simulizi yenye mpindo zaidi. Katika mabaki ya kijiji cha Tumbe, kilichostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyotawala ilikuwa uwele. Si mbali na hapo, katika mji wa Chwaka uliofuata baada ya karne ya 11, mchele ndio ulioshika nafasi ya kwanza. Baina ya makazi hayo mawili watu wa kisiwa kilekile walibadili kile walichokiita chakula. Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na kukua kwa miji, kuenea kwa Uislamu na desturi ya karamu ambamo mwenyeji hupimwa kwa kile anachompakulia mgeni. Uwele ulikuwa wa asili. Mchele ulikuja kwa bahari. Wazee wa Pemba waliuchagua mchele, na katika kuuchagua wakawa Waswahili tunaowajua.

Karne chache baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita katika pwani hii. Mogadishu alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, ukifuatana na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi zilizochemshwa katika maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa aliona jambo jingine: wenyeji hawakuwa wakilima nafaka, waliletewa kutoka pwani ya bara, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata zama hizo hapakuwapo chakula kimoja cha watu wa Pwani. Kulikuwa na miji yenye biashara, yenye mashamba, yenye vyombo baharini, na kila mmoja ulikula kulingana na jirani zake.

Sasa tutazame viungo. Neno pilau limetufikia kupitia Uajemi na Bara Hindi, na kachumbari nalo limetokea Bara Hindi. Nyanya na pilipili zilizomo ndani ya kachumbari hiyo zimetoka bara la Amerika, na Ibn Battuta asingeweza kuzikuta hapa, kwa kuwa zilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Seyyid Said mashamba yake yakaenea Unguja na Pemba hata visiwa hivi vikawa muuzaji mkuu wa karafuu duniani.

Nani alizichuma? Watumwa waliotekwa bara, wengi wao kutoka nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa, waliopandishwa majahazini Kilwa na bandari nyingine. Shambani walipewa vipande vya ardhi wajilimie chakula chao wenyewe, na kilichowafaa zaidi kilikuwa muhogo, zao lililotoka Amerika ya Kusini, lisilodai uangalizi mwingi na linaloweza kukaa ardhini hadi siku ya kuhitajiwa. Hivyo karamu ya bwana na chungu cha mtumwa viliungana katika shamba moja: huyu alikula wali wenye karafuu, yule alikula muhogo na kisamvu. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa hadhi ya kisheria mwaka 1897. Leo vyakula vyote viwili viko meza moja siku ya tamasha, chini ya bango lisemalo mwacha asili ni mtumwa. Waliofanywa watumwa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Wajukuu zao wamo miongoni mwa wanaopika pilau nzuri kuliko zote. Mwanafunzi wa fasihi anayefundishwa kutafuta kinaya katika tamthilia angeweza kuanzia hapo, kijiko kikiwa mkononi.

Meza ya ugali

Ugali huwekwa kwenye meza zote, kwa hiyo hakuna anayeuona. Ni chakula kinachotuunganisha, tunasema, chakula cha Mwafrika. Ugali kama pishi ni wa kale kweli, kwani bibi zetu waliusonga kwa unga wa mtama, uwele na ulezi, nafaka ambazo Afrika yenyewe ilizifuga. Lakini ugali mweupe wa mahindi tunaoufahamu leo una umri mdogo kuliko tunavyodhani.

Mahindi yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Jina lenyewe limebeba kumbukumbu ya ng'ambo. Wengi hulihusisha na Hindi, kana kwamba waliolipokea zao hili walijua tu kwamba limekuja na vyombo. Kwa karne nyingi mahindi yalibaki zao la pembeni, la kuchoma na kutafuna wakati mtama haujakomaa. Kilichoyapa ufalme ni mambo ya karne ya 20: vita, ajira ya kibarua na mashine za kusaga.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipopigana katika nchi hizi, mizigo ilibebwa na vichwa vya Waafrika. Mamia ya maelfu ya wanaume waliandikishwa, wengi kwa nguvu, kuwa wapagazi. Posho yao ilikuwa hasa unga wa mahindi, kwa kuwa ulikuwa rahisi kununua kwa wingi, kupima na kusafirisha. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga uliosagwa vibaya, wakaupika kwa haraka mvuani bila kuni za kutosha, na matumbo yao hayakustahimili. Maradhi ya kuhara yaliua wapagazi wengi kuliko risasi. Rekodi rasmi za Waingereza zilihesabu zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria huamini kwamba idadi halisi ilizidi hapo kwa mbali.

Kikosi hicho cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo. Mahali walipopigishwa kambi Dar es Salaam pakabaki na jina hilo, na Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la mzazi huyohuyo. Tafakari jambo hili: soko kubwa la chakula la Dar es Salaam, ambamo kila siku hupita magunia ya mchele, viazi, vitunguu na maharage, linaitwa kwa jina la watu waliokufa kwa chakula kibaya. Wanafunzi wetu hushuka daladala pale kila wiki. Ni wangapi wamewahi kuambiwa?

Baada ya vita, posho ya mahindi ilihamia kwenye mashamba ya mkonge, migodini, magerezani na katika shule za bweni. Mwajiri aliupenda unga huo kwa sababu zilezile alizoupendea mkuu wa jeshi. Nchini Uganda neno posho lilihama kutoka kwenye mgawo hadi kwenye pishi, na mpaka leo ndilo jina la ugali. Kizazi kimoja kilipewa chakula hiki kwa kupimiwa, kilichofuata kikakizoea, na cha tatu kikakiita asili.

Simulizi haikomei kwa wakoloni. Katika miaka ya 1974 na 1975 Tanzania ilipata upungufu mkubwa wa chakula. Ukame ulikutana na vurugu za kuwahamishia watu vijijini. Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na meli zikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu wakauita unga ule unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu hiyo. Jina lilikuwa la utani, lakini ndani ya utani mlikuwa na uchungu: taifa lililoimba kujitegemea lilikuwa likisonga ugali wa msaada. Waliokula unga ule bado wapo nasi. Wengine ni walinzi na wahudumu wa ofisi zetu vyuoni, na wengine ni maprofesa wastaafu. Sijapata kuona meza ya Siku ya Utamaduni iliyoandikwa: hiki ndicho tulichokula wakati wa njaa, na hii ndiyo sababu ya njaa.

Vyakula ambavyo kweli ni vya asili huwekwa pembeni, kama huwekwa kabisa. Mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe na mlenda vina mizizi ya Afrika isiyobishaniwa. Lakini mwanafunzi wa Dodoma huona haya kidogo anapofunua chungu cha mlenda mbele ya wenzake, kwa sababu amekua akisikia kwamba hicho ni chakula cha watu wa nyuma na cha miaka mibaya. Tunadai asili kwa vilivyokuja na meli, na tunaona aibu kwa vilivyoota hapa. Kenya imeanza kulirekebisha hilo kwa utaratibu: tangu mwaka 2007 wanasayansi, makumbusho na jamii zilishirikiana kuorodhesha mboga na vyakula vya kienyeji, na mwaka 2021 UNESCO ikauingiza mradi huo katika orodha ya mifano bora ya kulinda urithi. Waliofanya kazi hiyo walianza kwa kuwauliza bibi majina ya mimea. Huo ni utafiti ambao idara yoyote ya isimu au historia inaumudu.

Meza ya chapati

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na hadi ilipofika ziwani mwaka 1901 walikuwa wameleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Wengi wa waliosalimika walirudi kwao. Wengine walibaki, wakaungana na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwapo pwani karne nyingi kabla yao, na maduka yao yakaifuata reli na barabara hadi vijiji vya mbali. Unga wa ngano, chai ya maziwa, dengu na chapati viliifuata njia hiyohiyo.

Leo chapati ni chakula cha sikukuu katika nyumba za Kisumu, Mwanza na Mbale. Nchini Uganda imezaa chakula kipya kabisa: mayai yaliyokaangwa na vitunguu, nyanya na kabichi, yakazungushiwa ndani ya chapati. Vijana huuita mkunjo huo rolex, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa. Wandegeya, mtaa unaopakana na Chuo Kikuu cha Makerere, ni mojawapo ya mahali palipoupatia umaarufu, kwa sababu mwanafunzi asiye na fedha alihitaji mlo wa kushika mkono mmoja akikimbilia kipindi. Sasa watalii huelekezwa kwake, na Waganda wengi huutaja kwa fahari kama alama ya nchi yao.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wao wazaliwa wa nchi hiyo, wakiacha nyumba, maduka na makaburi ya wazazi wao. Waliambiwa kwamba wao ni wageni. Chapati haikufukuzwa. Ilibaki jikoni kwa waliowafukuza wenyewe, ikazaa, ikapewa jina jipya, ikawa mwananchi.

Mfano huu naurudia darasani kila mwaka, kwani unaonyesha waziwazi kile kinachoweza kufichwa na meza zilizopangwa kikabila. Watu huweza kula mkate wa jirani kwa miaka 70 na bado wakakubali kuambiwa kwamba jirani huyo hana kwao. Hakuna anayeyatupa maandazi ya mtu kabla ya kumtupa mtu mwenyewe. Kwa hiyo kula pamoja, jambo linalosifiwa sana katika hotuba za wageni rasmi, hakutoshi kutulinda. Mlo usiosimuliwa husahau uliokotoka. Na panapokuwa na usahaulifu, mwanasiasa mwenye haja ya kura hupata nafasi ya kutuambia ni nani mwenyeji na ni nani mpita njia.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi

Isije ikadhaniwa kwamba ninawadai vijana jambo lisilowahi kutendeka. Vyuo vyetu vina mapokeo mazuri ya kazi hii, ila tumeyasahau.

Okot p'Bitek alipochapisha Song of Lawino mwaka 1966, aliweka jiko katikati ya mjadala wa ukoloni. Mkewe Ocol hatetei tamaduni za Waacholi kwa nadharia. Anamchukua msomaji na kumwingiza nyumbani kwa mama yake, anamwonyesha jiwe la kusagia, mafiga, kuni na vyungu, na kueleza kila kimoja kina kazi gani. Okot hakuishia kwenye kitabu. Baada ya kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, alihamia Kisumu kufundisha elimu ya nje ya chuo, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa huko. Msimamo wake ulikuwa kwamba utamaduni ni namna watu wanavyoishi, na ukiutenga na maisha yao ili utazamwe kwa kiingilio, umeuua. Mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe ili fasihi ya Afrika, ikiwemo ya mdomo, iwe kitovu cha masomo.

Dar es Salaam nako, mwaka 1968, Idara ya Historia ilianzisha Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Wanafunzi walitumwa kwenye maeneo ya vita kuwasikiliza wazee waliokumbuka miaka ya 1905 hadi 1907. Walichokirudisha kilihusu chakula kwa kiasi kikubwa. Vita vilianza Umatumbi, Julai 1905, kwa watu kung'oa mipamba ambayo walilazimishwa kuilima huku mashamba yao ya nafaka yakikosa mikono. Dawa ya maji iliyowaunganisha ilikuwa na mbegu za mtama ndani yake. Na Wajerumani walishinda kwa kuchoma ghala na mazao: makadirio ya wanahistoria yanafikia watu 250,000 hadi 300,000 waliopoteza maisha, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Karibu na wakati huo Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho chuoni hapohapo, aliandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na shokoa ya mashamba ya pamba ikapandishwa jukwaani kwa Kiswahili. Kumbukumbu ya njaa ilitoka vinywani mwa wazee, ikaingia kwenye madaftari ya wanafunzi, na ikiwa ingali mbichi, jukwaa nalo likaipokea.

Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, taasisi iliyolelewa ndani ya chuo kikuu kabla ya kusimama yenyewe mwaka huo. Zaidi ya watu milioni moja walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili walichokula na walichokosa. Mtu anaweza kuikosoa kampeni ile kwa kusema na wananchi kutoka juu. Lakini iliamini kwamba mkulima na mwanachuo wanaweza kukaa kwenye mazungumzo mamoja kuhusu chungu kimoja.

Wapishi wako wapi?

Hapo ndipo ninapoona pengo kubwa la matamasha ya leo. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, akina mama waliokuwa wakiuza chakula nje ya uzio waliondolewa siku mbili kabla ya Siku ya Utamaduni ili mandhari yapendeze mbele ya mgeni rasmi. Kampuni ya upishi ikaletwa kutoka mjini, ikapika "vyakula vya asili" katika masufuria yanayong'aa. Akina mama wale ndio waliokuwa wakiwalisha wanafunzi mwaka mzima, na wengine waliwakopesha hadi fedha ya mkopo, ile waiitayo bumu, itoke. Walijua wali wa nani ulipungua mwezi wa pili, na nani alikuwa akinunua uji asubuhi na kuufanya mlo wa siku nzima. Mama ntilie ni maktaba ya historia ya kijamii ya chuo. Tuliifunga ili tusherehekee utamaduni.

Nao wanafunzi wana njaa. Mwalimu anayefundisha kipindi cha saa nane mchana huijua kwa macho yao. Tangu gharama za masomo zilipoanza kuchangiwa na mabwalo ya chakula cha bure yakafungwa, mlo wa chuoni umekuwa jambo la kila mtu na mfuko wake. Kwa hiyo siku ya tamasha wapo wanaosukumana penye meza kwa sababu ndiyo siku pekee ya wiki watakayokula nyama. Tamasha la chakula lisiloweza kulitaja hilo ni maonyesho ya dirishani.

Mapendekezo yangu ni machache, wala hayahitaji bajeti. Kwanza, kila chakula kiwekewe kadi yenye maswali manne yaliyojibiwa na wanafunzi wenyewe: viambato vyake vilitoka wapi, nani alivilima na kwa masharti gani, kililiwa lini na nani, na nani alikikosa. Pili, kazi hiyo ihesabiwe katika alama za somo. Mwanafunzi amhoji bibi yake, jirani yake au mpishi, aandike kwa lugha aliyoisikia kisha atafsiri, kama walivyofanya wenzake wa mwaka 1968. Tatu, akina mama ntilie waingie ndani ya uzio wakiwa wakufunzi wa siku hiyo, walipwe, na wapewe kipaza sauti kabla ya mgeni rasmi. Nne, iwepo meza moja isiyo na kabila. Iwekwe chipsi mayai, ile zege wanayoila wanafunzi wote usiku wa mitihani. Viazi vya milima ya Andes, mayai ya kuku ambaye asili yake ni misitu ya Asia, na jiko la mkaa la Manzese. Hicho ndicho chakula ambacho kizazi hiki kitakikumbuka kikizeeka, na hakuna anayekionea fahari wala kukichunguza.

Kuhusu bango, singependa methali ile ifutwe. Ibaki, ila pembeni yake itundikwe nyingine ambayo wahenga walituachia kwa busara ileile: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchele ulipokelewa Pemba, ndizi zikapata kwao Kagera na Kilimanjaro, muhogo ukawaokoa wengi wakati wa ukame, na chapati ikaingia nyumba ambazo hazijui neno lolote la Kigujarati. Wenyeji walipona. Lakini mahindi ya wapagazi yalikuja kwa njia nyingine, na karafuu pia, na mwanafunzi anapaswa kuijua tofauti kati ya chakula kilichokaribishwa na kile kilichopimwa kwa kibaba cha msimamizi. Akiijua, ataweza kuuliza kuhusu unga wa msaada utakaokuja kesho, mbegu zitakazouzwa keshokutwa, na mama atakayeondolewa langoni wiki ijayo.